Boti ya Masanja na Umeme Uliopotelea Njiani

Siku hizi starta ikigoma kidogo tu, mnakimbilia dukani kununua betri. Betri mpya ikigoma nayo, mnasema ni feki, mnarudi kugombana na mwenye duka. Juzi hapa mjukuu wangu, ambaye naye anajiita fundi, amebadilisha betri mara mbili kwenye trekta moja, na trekta likabaki limenuna vilevile. Nikamuuliza, "Umepima?" Akasema amepima, betri imejaa. Nikamuuliza tena, "Umepima trekta likiwa limelala au likiwa linahangaika?" Akanitazama kama namuuliza habari za mbinguni.

Basi nimeona niwaandikie. Mimi nimeshastaafu. Macho yangu yalipoanza kuchanganya waya mwekundu na wa kahawia niliweka koleo chini mwenyewe, sikungoja kuambiwa. Ila mdomo haujastaafu, na nyinyi mnaosomea umeme wa magari mtanivumilia.

Nitawaambia habari za boti. Ndiyo, boti, hapahapa Songea, mji ambao ukitaka kuona ziwa lazima uvuke milima yote ya Mbinga kwanza.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Walioishi wakati ule wanajua. Maduka yaliyokuwa na sabuni na viberiti tu yakaanza kujaa redio, mitumba na vipuri vya kila aina, na huku nyuma mashirika ya umma yakawa yanapumulia puani. Kampuni ya usafirishaji niliyokuwa nimeajiriwa ikapunguza wafanyakazi, na mimi nikawa miongoni mwa waliopunguzwa. Nilikuwa fundi umeme pekee mwanamke pale, nina mtoto mdogo, Beatus, na mama yangu yuko Mshangano na shamba lake la mahindi. Kila mtu akaniambia nirudi shambani. Sina ugomvi na jembe, ila jembe lenyewe halijawahi kunipenda.

Aliyenipokea ni Mzee Issa. Alikuwa Myao wa Mbesa, mrefu, mcheshi, amevaa kofia ya vito ambayo huko nyuma iliwahi kuwa nyeupe. Gereji yake ilikuwa banda la mabati na uwanja mpana. Malori yote yaliyotoka Njombe na Tunduru yakiwa na ugonjwa wa umeme yaliishia kwake. Alinipokea vizuri, lakini hakunificha kitu.

"Mama Beatus," aliniambia, "kazi ya hapa ni ya mtu mmoja, na mtu huyo ni mimi. Kaa nami mpaka mvua zikate. Zikikata na kazi haijaongezeka, itabidi utafute pengine. Sikufukuzi, mwanangu, ila sitaki tushinde njaa wote wawili."

Nilimshukuru kwa ukweli wake, na siku hiyohiyo nilimkasirikia mpaka nikasahau kumuaga. Kuanzia hapo nikawa naitazama mvua kuliko wakulima. Wenzangu waliomba inyeshe kwa ajili ya mahindi, mimi niliomba inyeshe kwa ajili ya ajira yangu.

Mzee Issa hakuwa na mita. Alikuwa na testa yake, balbu ndogo ya lori aliyoiunganisha na nyaya mbili, mmoja mfupi wenye ncha, mwingine mrefu sana wenye kibanio. Urefu ule ulikuwa na sababu yake. Unabana kwenye betri huku mbele, unatembea mpaka taa za nyuma za trela, na balbu bado iko mkononi mwako. Nyinyi mtacheka, lakini testa ile ilitulisha.

Alinifundisha mengi kwa mtindo wa kutania. Vichwa vya betri vikiota ule ukungu mweupe na wa kijani, tuliosha kwa maji ya moto yaliyotiwa magadi, tukakausha, tukafunga, halafu ndipo tukapaka grisi. Ukipaka grisi kabla ya kufunga, alisema, umeuwekea umeme utelezi, utateleza uende kwa jirani. Alinifundisha pia kugusa. Zungusha starta, zima, halafu pitisha mkono kwenye maungio. Ungio lenye joto ndilo mwizi, maana umeme uliopaswa kwenda kuzungusha starta umeishia pale kupika chuma.

Kuna basi moja la Madaba lililetwa kwetu, dereva analalamika kwamba taa zinasinzia. Akipiga honi zinasinzia, akikanyaga breki zinasinzia zaidi. Alikuwa ameshabadilisha balbu, swichi na alternata. Mzee Issa akalala chini ya basi, akauliza, "Hili basi mmelipaka rangi lini?" Dereva akajibu kwa majivuno kwamba limepakwa hivi karibuni, tena mpaka uvunguni. Mzee akaomba kisu. Akafungua bolti moja inayofunga waya wa betri kwenye chasisi, yaani kile chuma kirefu kinachobeba gari zima, akakwangua rangi pale chini, akafunga. Taa zikawaka mpaka tukafumba macho.

"Umeweka kipuri gani?" dereva akauliza.

"Hakuna. Nimekwangua rangi."

Dereva aliondoka ameudhika. Nadhani alitaka angalau aambiwe jina la ugonjwa.

Shikeni jambo hilo la chasisi, maana ndilo lililotuponza. Kwenye gari, umeme unatoka betri kwa waya, unafanya kazi, halafu unarudi betri kwa kupitia chuma cha gari lenyewe. Fundi wa magari hushughulika na waya wa kwenda tu. Njia ya kurudi ameikuta imeshatengenezwa kiwandani, nene kama mguu wa ng'ombe. Mzee Issa maisha yake yote alikuwa fundi wa malori, na malori ndiyo yaliyomlea.

Sasa aje Masanja.

Bwana Masanja alikuja Songea kama mtumishi wa serikali, mtu wa Mwanza, akaacha kazi akaingia kwenye biashara. Alikuwa na malori mawili, sauti kubwa, na hamu ya ziwa ambayo milima yetu ilishindwa kuitibu. Akanunua boti ya faiba iliyotumika, akaipandisha kwenye lori kutoka Dar es Salaam ili aipeleke Mbamba Bay ikasombe samaki na abiria. Ikafika Songea, mvua zikakata barabara ya Mbinga. Lori lilihitajika kwa kazi nyingine, kwa hiyo boti ikashushwa uwanjani kwetu, juu ya magogo ya mikaratusi.

Jamani! Songea nzima ilikuja. Jumapili watu walitoka misa wakapitia kwetu kabla ya kwenda nyumbani kula. Bibi mmoja aliizunguka boti, akaigonga kwa fimbo yake, akauliza, "Magurudumu yake wameyapeleka wapi?" Mzee Issa akamjibu kwamba yako ziwani yanaisubiri.

Masanja alipoona boti imekaa bure, akasema tufanye kazi. Betri zilikuwa nyuma, jirani kabisa na injini. Yeye alitaka pale pawe mahali pa masanduku ya barafu ya samaki, na betri ziende mbele kabisa puani mwa boti, ili isikae imeinamia mkia. "Mkiimaliza vizuri," akasema, "malori yangu yote mawili yatakuwa ya gereji hii. Na ya rafiki zangu nitawaletea."

Niliposikia hivyo moyo uliruka. Malori ya Masanja na ya rafiki zake yalikuwa kazi ya mafundi wawili. Nilimtazama Mzee Issa naye akanitazama, na jioni ile nilimnunulia Beatus mandazi.

Tukahamisha betri. Kwa waya wa chanya Mzee alichagua kebo nene, nzuri. Kwa waya wa hasi akachukua waya mwembamba wa taa za trela uliobaki kwenye kabati, akaupitisha chini ya mbao za sakafu mpaka kwenye injini. Nikamuuliza, "Mzee, huu si mwembamba?"

"Huo unarudi nyumbani tu, hauna mzigo," akanijibu. "Umeona wapi muuzaji anarudi kutoka sokoni na kikapu kizito kama alichokwenda nacho?"

Ilionekana ni maneno ya mtu anayejua. Tukafunga mbao.

Masanja akapanda kwenye boti, akakaa kama nahodha, akazungusha ufunguo. *Tak.* Basi. Akazungusha tena. *Tak.*

Tukazichaji betri usiku kucha. *Tak.* Tukaazima betri za lori. *Tak.* Tukaifungua starta, tukabadilisha makaa yake, vile vipande vyeusi vinavyopitisha umeme ndani, tukaipaka mafuta, tukaijaribu mezani juu ya betri, ikanguruma kama simba. Tukairudisha kwenye injini. *Tak.* Masanja akaleta mita mpya ya tarakimu, moja ya vitu vilivyoanza kuingia wakati ule kutoka Dubai. Tukapima betri, imejaa. Tukavuta nyaya za mita mpaka kwenye starta, volti zilezile. Testa ya Mzee nayo ikawaka vizuri kila mahali tulipogusa. Kila kitu kilikuwa kizima na boti haikuwaka.

Masanja akaanza maneno. "Watani zangu Wangoni, nyinyi mmezoea kutega panya. Boti mmeiona wapi?"

"Mimi ni Myao," Mzee Issa akamjibu bila kuinua kichwa. "Mambo ya panya mwulize Mama Beatus."

"Panya wetu angalau anakimbia," nikasema, "boti yako imelala tangu ilipofika."

Tulicheka, lakini kicheko changu kilikuwa cha juujuu. Mvua zilikuwa zinapungua. Asubuhi moja niliamka nikakuta anga jeupe kabisa, na mama yangu akasema, "Kesho kutwa tunaanza kuanika mahindi." Siku hiyohiyo Masanja akatuambia kwamba barabara ikikauka ataipandisha boti kwenye lori kama ilivyo, na huko Mbamba Bay atamwita fundi wa maboti kutoka Mwanza. Hakutaja malori yake. Hakuwa na haja.

Mzee Issa alikaa kwenye kiti chake, akavua kofia, akaikunja, akaikunjua. "Mama Beatus," akasema, "nisamehe. Mkono wangu umekwama." Nikaona kuwa aibu yake na njaa yangu zimekaa kiti kimoja, na nikashindwa hata kumlaumu.

Nikaingia kwenye boti, nilivyo na hasira, niangalie tena. Sikuwa na mpango wowote. Nilibeba testa. Waya ule mrefu unasumbua, unapanda huku unazungukia miguu, kwa hiyo nikabana kibanio chake pale puani kwenye kichwa cha hasi cha betri ili usinizonge, nikatambaa nyuma mpaka kwenye injini. Nikailaza ile ncha juu ya chuma cha injini nipate mikono yote miwili ya kufungulia starta. Balbu imezima, kama inavyotakiwa. Hasi na chuma cha injini ni kitu kimoja, hakuna cha kuiwasha.

Wakati huo Masanja, ambaye subira haikuwa sehemu ya maumbile yake, akapanda kwenye boti bila kuniambia akazungusha ufunguo.

*Tak.* Na testa ikawaka.

Si sana. Iliwaka rangi ya chungwa, kama kaa la mkaa linalopulizwa. Masanja akaachia ufunguo, ikazima. Nikapiga kelele, "Zungusha tena!" *Tak*, ikawaka. "Tena!"

"Kwani inawaka?" Masanja akauliza.

"Injini haiwaki! Testa inawaka!"

Mzee Issa akaja, akapanda kwa tabu, akachungulia. "Umeibana kwenye chanya," akasema.

"Nenda kaangalie, Mzee."

Akaenda mbele, akainama, akakishika kibanio kwa mkono. Kilikuwa kwenye hasi. Mimi tayari nilikuwa nang'oa mbao za sakafu. Ule waya mwembamba wa hasi, unaorudi nyumbani bila mzigo, ulikuwa umelainika ganda lake, na ukiugusa unaunguza vidole.

Mzee alikaa chini kwenye sakafu ya boti akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Wallahi, boti haina chasisi!" akasema. "Nimeipa boti ya watu mkia wa panya!" Masanja naye akacheka, maana hatimaye panya alipatikana.

Mmeelewa kilichotokea? Umeme wote unaokwenda kwenye starta lazima urudi, wote, haupungui hata kidogo. Faiba haipitishi umeme, kwa hiyo njia ya kurudi ilikuwa ni ule waya tu. Kwenye waya mwembamba na mrefu, nguvu ya betri inaishia njiani kuupasha waya moto, na starta inabakiwa na masalio ya kugonga *tak*. Ile testa iliyowaka ilikuwa inatuonyesha nguvu iliyopotea. Na kwa nini mita haikuona? Kwa sababu tulipima boti ikiwa imelala. Hakuna kinachopita, hakuna kinachopotea. Aliyekuwa anapima ndiye aliyekuwa anakwenda kuzungusha ufunguo, na akifika kwenye ufunguo ameshaiweka mita chini. Pimeni watu wawili. Mmoja azungushe, mwingine atazame, na mtazame upande wa hasi vilevile kama upande wa chanya.

Miaka mingi baadaye, sola zilipoingia, niliitwa Mshangano kwa mwalimu mmoja ambaye taa zake zilikuwa hafifu. Alikuwa ameweka paneli juu ya banda la kuku, mbali na nyumba, akavuta waya wa spika za redio mpaka sebuleni. Sikufungua hata mfuko wa vifaa. Nilimwambia achague, alete kuku karibu au anunue waya mnene, na anapopima urefu ahesabu kwenda na kurudi.

Turudi kwenye boti. Kebo nene ya pili hatukuwa nayo. Duka lililokuwa nayo lilikuwa mbali, na anga ndilo lile limeshakuwa jeupe. Mzee Issa akaenda kwa jirani yetu mchomeleaji, akarudi amejizungushia kebo ya mashine ya kuchomelea mwili mzima. Ilikuwa laini, nene, ya shaba tupu. Tukaifunga, kila ungio tumelikwangua, na nikailaza testa palepale kwenye chuma cha injini. Masanja akashikilia ufunguo. Mzee akasema, "Bismillahi." Nikasema, "Zungusha."

Testa haikuwaka. Injini iliwaka.

Tulikuwa tumetumbukiza bomba lake la kupozea kwenye pipa la maji, na maji yakawa yanarukia nyuma ya boti mpaka kwenye njia, na moshi mweusi ukajaa uwanjani. Akina mama waliokuwa wanatoka sokoni wakaweka vikapu chini wakapiga vigelegele. Mimi nililia, siwafichi. Nililia huku nacheka, mikono imejaa grisi, na sikuwa na pa kujifutia.

Barabara ilipokauka tukaisindikiza boti mpaka Mbamba Bay, maana Masanja alitaka tuione ikiingia majini. Mzee Issa alifumba macho kwenye kila kona ya milima ya Mbinga. Boti ikashushwa, ikaelea, ikawaka mara ya kwanza, na kabla hatujakauka miguu wenye maboti wengine walikuwa wamemzunguka Mzee. Huyu taa zake hafifu, yule pampu yake ya kutoa maji inasinzia.

Tukiwa tunakula, Masanja akatoa habari. Ameamua kuuza malori yote mawili anunue boti ya pili. Anataka fundi mmoja abaki ziwani.

Mwiko wa ugali ungenianguka kama ningekuwa nao mkononi. Malori yale ndiyo yaliyokuwa kazi yangu. Mzee angerudi kwenye gereji yake, na mimi ama nibaki huku mbali na Beatus na mama, ama nirudi kwenye jembe. Niliweka tonge chini. Nikajisemea kwamba nimewasha injini ya watu na kuzima ya kwangu.

Mzee Issa alikuwa anamchambua samaki wake wa mbasa taratibu, anaweka miiba pembeni. "Mimi ndiye nitakayebaki," akasema.

Nikadhani anatania. "Mzee, wewe unaogopa hata kuvuka daraja."

"Sitapanda boti. Watazivuta ufukweni nizitengenezee. Baridi ya Songea imeniharibu magoti, na tangu juzi yamenyamaza. Samaki nao ndio hawa." Akanitazama. "Wateja unawajua, vifaa unavijua vilipo kuliko mimi. Rudi kwa mtoto. Ukikwama, nitumie ujumbe kwa dereva yeyote."

Nikasema tu, "Ahsante, baba," na ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. Akaniambia nile, chakula kinapoa.

Nikapanda lori kurudi Songea peke yangu. Jumatatu asubuhi nikafungua gereji, nikafagia, nikakaa kwenye kiti, nikainuka, nikaona aibu, nikakaa tena. Likaingia lori la Tunduru, taa moja imekufa na nyingine inaning'inia. Dereva akatoa kichwa dirishani, akatazama bandani kulia na kushoto.

"Dada, Mzee Issa yuko wapi?"

"Yuko Nyasa, anakula samaki."

"Sasa gari yangu atatengeneza nani?"

Nikamwambia azime injini, afungue boneti, na anipishe nipate mwanga.